Sori Ipi, Mheshimiwa?

Bi Mwanamvua hakuwa akimtarajia mgeni. Alikuwa amepiga magoti barazani kwake akikata kitambaa cheupe cha sare za shule, na mvua ilikuwa ikinyesha. Niliingia mbio kutoka njiani kutafuta pa kujikinga, na mguu wangu wa kwanza ukatua katikati ya kitambaa. Ulikuwa na matope mpaka kwenye kifundo.

"Samahani, mama," nikasema, nikarudi nyuma. "Samahani sana. Nitakifua mwenyewe."

Aliweka mkasi chini. Nilidhani ananikasirikia, kumbe alikuwa akisikiliza.

"Umesemaje?"

"Nimesema samahani."

"Bibi yangu alikuwa akilisema neno hilo," akasema. "Mara ya mwisho kulisikia sikuwa na meno ya mbele."

"Kwani huku mnasemaje?"

"Huku tunasema sori."

"Na mtu akifiwa, mnamwambia nini?"

"Sori."

"Hamsemi pole?"

"Pole," akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Nalo lilikuwepo. Keti, mwanangu. Kitambaa kitafulika."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Usorini. Nilikuwa na shahada ya lugha na sina kazi, na niliamini kwamba shida nyingi za dunia zinatokana na watu kutoelewana maneno. Niliamini kwamba ukimfafanulia mtu neno vizuri, kwa upole, ataona haya na kutenda haki. Ninaandika haya niliyoyaona bila kuyapamba.

Usorini ni nchi yenye adabu kuliko zote nilizowahi kufika. Barabara zake zimejaa mashimo, na kando ya kila shimo pamesimamishwa bango safi lililoandikwa SORI. Mashimo yana umri wa watu wazima, lakini mabango hupakwa rangi upya kila mwaka, na wapaka rangi wake ni watumishi wa serikali wenye nyumba za vigae. Tabibu humwambia mgonjwa sori kabla ya kumgusa. Bwana na bibi harusi huambiana sori mbele ya mashahidi, ya miaka yote inayokuja, kisha ndipo hula keki. Wakati wa uchaguzi hakuna mgombea anayeahidi maji wala dawa. Huahidi ubora wa sori atakayoitoa vitakapokosekana, na watu humpima kwa sauti yake. Niliona mwizi akitoka dirishani na redio ya watu kwapani. Aligeuka, akainamisha kichwa, akasema sori, ndipo akakimbia. Mwenye redio alipokwenda kituoni, askari alimuuliza swali moja tu: "Alisema?"

"Alisema, afande."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Maana sheria ya Usorini ni fupi. Mtu akiambiwa sori, anapaswa kujibu "haina shida." Akishajibu, jambo limezikwa, na yeyote atakayelitaja tena atashtakiwa kwa kosa la kufukua. Gereza lao limejaa wafukuaji. Waliovunja, waliomwaga na walioiba wako nje, maana wote walishasema.

Nilimuuliza Bi Mwanamvua maneno yale mawili ya zamani yalipotelea wapi. Alinieleza kwamba palikuwa na Wizara ya Matumizi Bora ya Maneno. Wataalamu wake walisafiri mbali, wakarudi wakiwa wameshangaa: Waingereza, watu walioendelea vile, wanatumia neno moja kwa kazi ambayo Usorini walikuwa wakiifanya kwa maneno mawili. Ukifiwa wanakwambia sori. Wakikukanyaga wanakwambia sori. Wizara ikaona kwamba nchi maskini haiwezi kuendelea kubeba maneno mawili, moja la anayekuhurumia na jingine la aliyekukosea. Yakafutwa yote.

"Na nyinyi mkakubali?"

"Waliyafuta, wakasema sori," akajibu. "Tungesema nini?"

Hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu ambaye zamani alikuwa akicheka sana.

Niliona kwamba majirani walikuwa wakipita barazani kwake bila kumsalimu. Nilikifua kile kitambaa, nikakianika, na kilipokuwa kikikauka akanieleza sababu.

Shule ya mtaa wao ilikuwa na kuta mbili ndefu, za kulia na kushoto kwa njia inayotoka langoni kwenda madarasani. Kuta zote mbili zilikuwa zimepasuka tangu zamani. Mtu mzima aliweza kupitisha mkono wake kwenye ufa, na watoto walikuwa wakipitishiana vipande vya muhogo. Mvua ya mwezi uliopita ukuta wa kulia ulianguka, na chini yake alikuwepo binti yake, Saumu, wa darasa la tatu.

Maofisa walikuja siku ileile na bendera. Afisa Sori wa kata, Bwana Ngwali, alisimama mbele ya msiba akasema sori kwa sauti nzuri sana. Watu wote wakamgeukia mama wasikie jibu lake.

"Sikujibu," akasema. "Nilimuuliza: sori ipi, bwana? Ya kunihurumia au ya kunikosea? Akasema sori ni sori, mama. Nikamwambia, hapana, nataka kujua. Maana kama mnanihurumia, basi ukuta ulianguka kama inavyoanguka mvua, na ule wa pili mtauacha. Na kama mmenikosea, basi mlijua, na ule wa pili mtaubomoa."

"Akasemaje?"

"Alisema sori tena, kwa nguvu zaidi."

Tangu hapo shule ilikuwa imefungwa. Kwa sheria yao, mahali penye jambo lisilozikwa hapafunguliwi, na watoto walisomea nje kwenye jua huku walimu wakipayuka. Ukuta wa kushoto ulikuwa bado umesimama, umeinamia njia. Kila asubuhi Bi Mwanamvua alikwenda kukaa langoni ili mtoto asipite, na kila asubuhi wazazi wa watoto walimwambia maneno. Neno moja lingetoka kinywani mwake, shule ingefunguliwa. Kwao yeye ndiye aliyeifunga.

Moyo wangu uliwaka. Nilimwambia kwamba haya yote yalikuwa kosa la lugha, na kosa la lugha linasahihishika. Ningekwenda kwenye Baraza la nchi kuwafafanulia.

"Nenda," akasema. "Una viatu vingine? Hivyo vitakuaibisha."

Baraza la Usorini lilinipokea kwa heshima kubwa. Mlangoni bawabu alinibana vidole, akasema sori. Kiongozi wao ni mama mmoja mnene, mchangamfu, anaitwa Mheshimiwa Kidawa, na siku ile hoja iliyokuwa mezani ni ileile ya Bi Mwanamvua: je, sori ina maana ipi?

Mjumbe mmoja mzee alisimama. "Mheshimiwa, mimi nikijikwaa, mke wangu husema sori. Je, ndiye aliyeliweka jiwe?"

"Siye!" wakaitikia.

"Basi sori si kukiri."

Kijana wa upande wa pili akainuka. "Na akikumwagia chai, mzee wangu, husemaje?"

"Husema sori vilevile."

"Sasa wewe unajuaje kama hii ni ya jiwe au ya chai?"

Mzee alifikiri. "Naangalia nani kashika kikombe."

Baraza zima likacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Watu wakatazama mikono yao.

"Kikombe hakihusiani na ukuta," akasema Mheshimiwa Kidawa. "Tumsikilize mgeni."

Nilizungumza kama nilivyokuwa nimejiandaa. Nilisema pole ni neno la mwenye mikono safi anayekaa na mwenye uchungu; linaweza kusemwa na jirani, na mpita njia, na hata mtoto. Nilisema samahani ni neno la mwenye mkono uliofanya, na kwamba halisimami peke yake, bali linakuja na kurekebisha nyuma yake. Nikasema anayechanganya hayo mawili anaweza kumuua mtu kisha akamlilia kama jirani. Nilipomaliza, baadhi ya wajumbe walikuwa wakifuta macho. Nilijua nimeshinda.

"Kumbe tulikuwa na mali, tukaitupa!" Mheshimiwa Kidawa akapiga makofi. "Napendekeza yarudishwe yote mawili, leo hii. Kwa mambo madogo tutabaki na sori. Kwa vifo vya kawaida, pole. Na kwa vifo vyenye kelele, samahani, pamoja na bendi."

"Mheshimiwa," nikasema, "samahani inamtaka mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyekosa."

Alifikiri kidogo tu. "Tutamteua."

Hoja ikapita kwa shangwe. Pakaundwa palepale cheo cha Afisa Samahani, chenye koti la vifungo vya shaba, nyumba na gari. Kazi yake ni kuzunguka nchi nzima akiomba samahani kwa niaba ya waliokosa, ili wao waendelee na shughuli zao. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kulitamka neno lenyewe kwa uchungu unaofaa, wakaniteua mimi. Kazi yangu ya kwanza ingekuwa kesho asubuhi: Bi Mwanamvua angeletwa Barazani, nami ningemwomba samahani mbele ya watu, na jambo lingezikwa.

"Na ukuta wa pili?" nikauliza.

"Ukuta wa pili haujamkosea mtu," akasema Mheshimiwa Kidawa.

Napaswa kusema ukweli. Sikukataa pale. Nilimfikiria mama yangu, ambaye kila nikipiga simu huuliza kwanza kama nimekula, ndipo huuliza kuhusu kazi. Nilijiambia kwamba nikiwa ndani nitawabadilisha kidogo kidogo. Bwana Ngwali alinisindikiza akinipigapiga mgongoni, akiniita mheshimiwa.

Mchana ule nilimkuta Bi Mwanamvua kwenye cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayeniomba samahani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umenikosea nini wewe?"

"Nilikanyaga kitambaa chako."

"Hiyo ulishaiomba, na kitambaa ulikifua." Akaunyanyua mguu, cherehani ikanyamaza. "Kwa Saumu ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo, mama. Hata nchi yenu nilikuwa siijui."

"Basi."

Nje, watoto walikuwa wakirudi kutoka masomo ya juani, na nyuso zao zilikuwa na vumbi jeupe. Mmoja aliimba wimbo wa kumdhihaki Bi Mwanamvua, wenziwe wakaitikia. Aliupokea kama mtu anayesikia mvua ya jirani.

"Kesho watakuja askari kunichukua," akasema. "Nisipokwenda watanibeba. Sasa sikiliza. Nikiwa huko, huku lango litakuwa halina mtu. Wazazi wataingiza watoto. Ukuta umelowa wiki nzima. Sitaki uje kunitetea, sitaki maneno. Kaa langoni pale ninapokaa mimi, mpaka nirudi. Mtoto asipite."

"Kesho ndiyo siku yangu ya kuapishwa."

"Najua."

Hakuniomba mara ya pili. Alikuwa akinitazama tu, na nadhani lile lilikuwa jambo la kwanza kuombwa Usorini linalolingana na uwezo wa mtu mmoja.

"Nitakaa," nikasema.

"Mpaka nirudi?"

"Mpaka urudi."

Asubuhi askari walimchukua mapema. Nilikwenda langoni nikaketi kwenye jiwe lake. Ukuta wa kushoto ulikuwa juu ya bega langu. Ufa wake ulianza chini, ukapanda ukijikunja kama mshono uliokosewa, na kupitia ndani yake niliona mbuzi upande wa pili.

Wazazi walikuja na watoto waliovaa sare zilizopigwa pasi. Kwao ilikuwa siku ya kufunguliwa kwa shule. Waliponiona walisimama.

"We kaka, hilo lango," akasema mwanamke mmoja.

"Siwezi kuondoka, dada. Nimeahidi."

"Ameahidi!" akawageukia wenziwe. "Ana shahada huyo. Shahada za kufunga malango!"

Wakacheka. Baba mmoja, mwembamba, amemshika mkono binti wa kimo cha kiuno chake, akanisogelea. Nilikuja kusikia wakimwita Shomvi.

"Una mtoto hapa?"

"Sina."

"Mimi ninaye. Tangu mvua ianze hajasoma darasani. Ondoka."

"Bwana, tazama huu ufa. Nakuomba uutazame tu."

"Nautazama kila siku!" akapaza sauti, kisha akaishusha ghafla, akaangalia nyuma. "Unadhani hatuujui? Wote tunaujua. Nikiutaja nimefukua, nafungwa, na huyu anabaki na nani? Ondoka, kijana. Usinifanye niseme."

Sikuondoka. Alinishika ukosi wa shati akanivuta. Nilishikilia nguzo ya lango, shati likachanika mpaka kifuani, na mimi nikaanguka nikapiga goti kwenye jiwe. Akasimama juu yangu akihema.

"Sori," akasema.

Watu wote wakasubiri jibu langu. Goti lilikuwa likitoka damu. Neno lililohitajika nililijua. Badala yake nilirudi kwenye jiwe, nikakaa.

"Sori ipi?" nikauliza.

Alimtazama binti yake, akautazama ukuta, kwa mara ya kwanza waziwazi, kutoka chini mpaka juu. Alimshika mtoto mkono, akageuka, akaenda zake upande wa nyumbani. Wengine wawili watatu wakamfuata wakijifanya wamesahau kitu. Waliobaki walikaa ng'ambo ya njia, wakanitukana kwa zamu.

Jua lilipopanda, Bwana Ngwali alifika na gari. Mkononi alikuwa na koti jeusi la vifungo vya shaba, limekunjwa vizuri.

"Mheshimiwa, unafanya nini chini? Bendi imeshapanga mstari. Vaa twende."

"Namsubiri Bi Mwanamvua."

"Bi Mwanamvua yuko ukumbini anakusubiri wewe!" Akacheka, kisha akaona sicheki. Akachuchumaa, akaongea kama kaka mkubwa. "Kijana, nisikilize. Nyumba ina vyumba vitatu. Mama yako utamleta. Unaipoteza kwa sababu ya kukaa kwenye jiwe? Saa moja tu, ukimaliza utarudi kukaa mpaka uchoke."

"Nimemwambia mpaka arudi."

"Akirudi itakuwa imekwisha. Kesho askari watafungua lango hili, na wewe usiku huu utatolewa nje ya nchi. Utakuwa umesaidia nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilijua kwamba kesho ingekuja. Nilimwambia hivyohivyo: sijui, bwana.

Akasimama akalikung'uta koti, ingawa halikuwa na vumbi. "Atapatikana mwingine. Neno lenyewe lina silabi nne. Hata dereva anaweza." Akamwita dereva ajaribu koti. Likamkaa vizuri.

Baada ya hapo hakuna jambo kubwa lililotokea, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Niliketi. Wazazi walichoka mmoja mmoja, wakaondoka na watoto wao. Walimu walifundishia tena juani. Kutoka mjini nilisikia bendi ikipigwa, kisha ikanyamaza.

Bi Mwanamvua alirudi kwa miguu alasiri. Shingoni walikuwa wamemvika utepe mpana wa buluu wenye maandishi ya dhahabu, HAINA SHIDA.

"Dereva ndiye aliyesema," akaniambia. "Alilitamka vizuri, maskini, na machozi juu. Nikamuuliza, umenikosea nini? Akasema hajui, ameambiwa avae tu."

"Ukajibu nini?"

"Nilinyamaza. Mheshimiwa Kidawa akatangaza kwamba nimejibu moyoni. Bendi ikapiga."

Aliuvua utepe, akauviringisha kama anavyoviringisha mabaki ya kitambaa, akautia mfukoni. Akaliona shati langu na goti. Hakuniambia sori.

"Pole, mwanangu," akasema.

Sijawahi kuambiwa neno zito kama lile.

Gari lingine lilikuwa likishuka barabarani taratibu, likikwepa mashimo na mabango yake. Ndani walikuwemo askari wawili. Wote wawili tulijua linamfuata nani.

"Amepita mtoto?" akauliza.

"Hajapita hata mmoja."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilisimama, miguu imekufa ganzi, naye akaketi palepale nilipotoka, jiwe likiwa bado na joto langu, akalikabili lango.